Nyasi Zifanyeje?

Wasomaji wetu wengi waijua methali isemayo kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Sisi walimu twaipenda sana. Twaiandika ubaoni, twawaamuru watoto wainakili, kisha twawauliza maana yake, nao hujibu kama walivyofundishwa, ya kwamba wakubwa wakigombana wanyonge ndio wapatao taabu. Tukisha kulisikia jibu hilo hulitilia alama ya sahihi, tukaendelea na methali nyingine. Hata mwaka 2008, katika mwezi wa Machi, methali hiyo ilipofundishwa katika darasa la sita la shule yetu, msichana mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, nyasi nazo zifanyeje?"

Mwenzetu aliyekuwa akifundisha saa ile alisimama na chaki mkononi, asiwe na neno. Mwisho akamwambia, "Keti, tutalitazama kesho." Kesho yake hakulitazama, wala kesho kutwa. Alikuja katika chumba cha walimu akatusimulia, nasi sote tukanyamaza, maana tulijua kwamba mtoto yule hakuuliza habari za nyasi. Twaandika haya kwa sababu jibu lile tumelichelewesha sana, na yeye aliyeuliza amekwisha kuwa mtu mzima.

Yafaa kwanza tueleze hali tuliyokuwa nayo. Shule yetu iko katika Bonde la Ufa la Kenya, mahali penye makabila mawili yaliyokaa pamoja tangu siku za babu zetu. Hatutayataja majina yao, kwa kuwa kuyataja ndiko kulikotuletea madhara. Watosha kujua kwamba hawa huchunga na kuleta maziwa, na hao hulima na kuleta viazi na kabichi, na soko lilikuwa moja, kila siku ya Jumanne. Uchaguzi ukafanywa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30 nchi iliwaka moto. Katika muda wa miezi miwili watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayaacha makwao. Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa wale wawili walikutana Nairobi, wakatia sahihi mkataba, wakapeana mikono mbele ya watu. Tembo walikuwa wamepatana. Nyasi hazikupatana.

Soko letu liligawanyika. Wenye maziwa wakakaa upande huu wa barabara, karibu na kituo cha magari, na wenye viazi wakakaa ng'ambo, mbele ya kanisa. Hakuna mkubwa aliyeamuru hivyo. Maziwa yalichacha yakamwagwa mferejini, na viazi vikaoza ndani ya magunia, na watoto wa pande zote mbili wakakonda, lakini hapana aliyevuka barabara.

Na sisi walimu je? Katika chumba chetu mlikuwa na birika moja kubwa la bati, ambalo limekuwamo tangu shule ilipoanzishwa. Mwezi ule wa Machi mabirika yakawa mawili. Mmoja wetu alisema kwamba chai ya birika la zamani ina sukari nyingi mno, naye akaleta lake, na wenzake wa kabila lake wakamfuata. Basi sisi tuliosoma, tunaolipwa ili tuwafundishe watoto wa wote, tulijigawa kwa chai. Lakini hilo silo lililo baya kuliko yote. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alihama usiku katika mwezi wa Januari pamoja na mkewe na watoto. Tulisikia gari likija, tukasikia watoto wakilia na vyombo vikipakiwa, nasi tulikuwa nyumbani mwetu hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Hakuna aliyetoka nje kumsaidia kubeba kitanda, wala kumwambia kwaheri. Asubuhi tulikuta mlango u wazi.

Tukakaa hivyo miaka mitatu na zaidi. Hata mwezi wa Oktoba mwaka 2011 tulisikia katika redio kwamba Tuzo ya Nobel ya Amani imetolewa kwa wanawake watatu, na wawili kati yao ni watu wa Liberia. Mmoja alikuwa rais wa nchi ile, Ellen Johnson Sirleaf. Wa pili, Leymah Gbowee, hatukuwa tumepata kumsikia. Mwenzetu mmoja alileta gazeti, tukasoma kwamba mama huyu aliwaongoza wanawake wasio na bunduki wala cheo, wakakaa chini katika uwanja karibu na soko la samaki mpaka wakuu wa vita wakakubali kuzungumza. Ndipo tulipomkumbuka yule msichana wa darasa la sita. Tukaanza kutafuta habari hizo kwa bidii, nazo ndizo tunazowaletea wasomaji sasa.

Liberia ni nchi ndogo katika pwani ya Afrika ya Magharibi. Dola yake ilianzishwa na watu weusi waliotoka Marekani, wengine wao waliozaliwa utumwani, ikajitangaza kuwa huru mwaka 1847. Kati ya wageni hao na wenyeji wa bara palikuwa na chuki ya muda mrefu. Tarehe 24 Desemba 1989, mkesha wa Krismasi, Charles Taylor alituma waasi wake wakaingia kutoka Côte d'Ivoire, vikaanza vita vya ndugu kwa ndugu. Mwezi wa Julai 1990 watu waliokimbilia Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro mjini Monrovia, yapata 600, waliuawa humo humo na askari wa serikali. Mwaka 1997 Taylor alichaguliwa kuwa rais, ikadhaniwa kwamba mambo yamekwisha, lakini mwaka 1999 waasi wengine walitokea, vita vikaanza upya. Yakadiriwa kwamba waliokufa katika vita hivyo vyote walifika 250,000 hivi, katika nchi yenye watu kama milioni tatu tu. Watoto wadogo walipewa madawa ya kulevya na bunduki, wakafundishwa kuua watu wa vijiji vyao wenyewe.

Leymah Gbowee alizaliwa mwaka 1972. Vita vilipoanza alikuwa msichana wa miaka 17. Alikimbia, akarudi, akazaa watoto katika taabu, akapata kazi katika shirika la Kilutheri lililowatunza watu walioumizwa mioyo na vita, pamoja na vijana waliokuwa askari wangali watoto. Amesimulia kwamba usiku mmoja aliota ndoto, akasikia akiamriwa kuwakusanya wanawake wa kanisa waiombee nchi amani. Wakakusanyika. Katika mkutano mmoja alisimama mwanamke wa polisi, Asatu Bah Kenneth, akasema kwamba yeye ni Mwislamu, naye atawaleta wanawake wenzake. Wako Wakristo walionung'unika, wakiona si halali kushirikiana nao katika jambo la maombi. Walijibiwa kwamba risasi ikitoka katika bunduki haiulizi dini ya mtu. Wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na maiti wake.

Tazameni sasa jinsi walivyoifanya kazi. Hawakuanza kwa kelele. Siku ya Ijumaa walikwenda kwenye misikiti watu watokapo katika sala, Jumamosi walikwenda sokoni, Jumapili makanisani. Waligawa karatasi ndogo zenye maneno machache ya kuwaamsha wanawake, na kwa wale wasiojua kusoma walichora picha. Sisi walimu tulilipenda sana jambo hilo la picha, kwa sababu sisi huandika matangazo yetu kana kwamba kila mzazi alipita mikononi mwetu.

Mwezi wa Aprili 2003 waasi walipoukaribia mji, wanawake walitoka. Serikali ilikuwa imekataza maandamano, na watu wa Taylor hawakuwa watu wa kufanya mzaha. Wanawake hawakuandamana kwanza, walikaa chini. Walichagua uwanja ulio karibu na soko la samaki, kando ya barabara kuu ambayo Taylor aliipita akienda kazini na kurudi kwake. Walifika alfajiri, yapata wanawake 2,500, Wakristo na Waislamu, wote wamevaa fulana nyeupe na vitambaa vyeupe vichwani, bila mapambo wala rangi usoni, hata mke wa tajiri na mwuza samaki wakawa sura moja. Waliinua kitambaa kikubwa chenye maandishi ya kwamba wanawake wa Liberia wataka amani sasa. Magari ya rais yakapita kwa mbio, naye akawaona. Kesho yake walikuwapo tena. Jua liliwachoma na mvua ikawanyeshea, na Liberia ni nchi ya mvua nyingi kuliko tunavyofikiri sisi wa bara. Waliimba, waliomba, walikaa.

Wengine wao waliwanyima waume zao unyumba mpaka wanaume nao waombe amani. Jambo hilo lilienea duniani upesi kuliko mengine yote, maana waandishi wa magazeti walilifurahia. Mama Gbowee mwenyewe amekiri kwamba halikuleta matunda mengi nyumbani, ila liliwafanya watu wauliza habari zao. Twalitaja kwa sababu ni kweli, lakini twaona kwamba kukaa uwanjani siku baada ya siku ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Katika maandiko tunayowasomea watoto mna habari za Rispa binti Aya, ambaye wanawe waliuawa kwa ajili ya kosa la mfalme, naye akatandika nguo ya gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku wasiile miili yao. Hakumtukana mfalme wala hakumpelekea ujumbe. Lakini mfalme alipata habari, akafanya yaliyopasa. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi na kuipita kama habari ya huzuni tu. Wanawake wa Monrovia walitufundisha kuisoma upya.

Tarehe 23 Aprili 2003 Taylor alikubali kuwasikiliza. Walikwenda mpaka ikulu kwa miguu, nguo zao nyeupe, Mama Gbowee akayasoma maombi yao mbele yake. Hawakumwambia kwamba yeye ni mwovu, ingawa walijua aliyoyatenda, wala hawakuwasifu waasi. Walisema wamechoka na vita, wakataka jambo moja tu, ya kwamba aende kuzungumza. Akakubali. Kisha baadhi yao walisafiri mpaka Freetown katika nchi ya Sierra Leone, wakawakuta wakuu wa waasi hotelini, wakawataka jambo lile lile, nao wakakubali.

Mazungumzo yalianza mjini Accra, katika nchi ya Ghana, tarehe 4 Juni 2003. Siku hiyo hiyo mahakama iliyohukumu maovu ya vita vya Sierra Leone ilitangaza kwamba Taylor ameshitakiwa, naye akarudi Monrovia kwa haraka. Wajumbe waliobaki walikaa katika hoteli nzuri wakila na kunywa, wakigawana vyeo vya serikali ambayo bado haijazaliwa, na huku nyumbani mabomu yakianguka juu ya watu. Majuma yakapita sita. Tarehe 21 Julai mabomu yaliua watu wengi Monrovia. Siku hiyo Mama Gbowee na wanawake kama 200 waliingia katika jumba la mikutano, wakaketi mbele ya mlango wa chumba cha mazungumzo, wakashikana mikono, wakasema hatoki mtu hapa mpaka mwafanya kazi mliyoijia. Wako wajumbe waliojaribu kutoka kwa madirisha.

Walinzi walikuja kumkamata kwa kosa la kuzuia haki. Neno hilo la haki lilimchoma moyo. Alisimama, akakitoa kitambaa chake cha kichwani, akawaambia atavua nguo zake zote mbele yao. Msomaji asistaajabu wala asicheke. Katika mila za Afrika ya Magharibi, na katika nyingi za kwetu pia, mama mzima akijivua nguo kwa uchungu mbele ya wanaume walio kama wanawe, ni laana isiyo na dawa. Hapa Kenya mama wa wafungwa wa siasa walifanya vivyo hivyo mwaka 1992 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, askari walipowashambulia. Walinzi wa Accra walirudi nyuma. Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, aliyekuwa mpatanishi, alitoka akasema nao kwa upole, akawapa ahadi kwamba mazungumzo yatafanywa kwa kweli. Wakaondoka mlangoni, lakini wakasema watarudi ahadi isipotimizwa.

Tarehe 11 Agosti Taylor aliacha urais akaenda Nigeria, na tarehe 18 Agosti 2003 mkataba ulitiwa sahihi. Wanawake hawakuenda zao. Waliendelea kuutazama utekelezaji wake, wakasaidia vijana walipoweka silaha chini, wakawahimiza wanawake wajiandikishe kupiga kura, mpaka uchaguzi wa mwaka 2005, ambao Mama Sirleaf alishinda. Taylor mwenyewe alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 50 kwa maovu yaliyotendwa Sierra Leone.

Haitupasi kuwadanganya wasomaji, wala kuwadanganya watoto. Wanawake hawa hawakuvimaliza vita peke yao. Waasi walikuwa wamefika langoni pa mji, mataifa makubwa yalimsukuma Taylor, na majeshi ya Afrika ya Magharibi yalitua Monrovia katika mwezi ule wa Agosti. Pengine vita vingalikwisha kwa njia nyingine na kwa siku nyingine. Lakini waliokuwako walishuhudia kwamba baada ya siku ile ya mlangoni mazungumzo hayakuwa mchezo tena. Nasi twaona kwamba hata kama wangalivifupisha kwa juma moja tu, hesabuni wenyewe ni watoto wangapi wangalikufa katika juma hilo.

Tulipokuwa tukizungumza habari hizo katika chumba cha walimu, mmoja wetu aliyepata kufundisha kaskazini alituambia neno lililotutia haya. Alisema, "Mbona mwakwenda mbali mpaka Liberia? Mambo haya yalifanywa Wajir, katika nchi yetu wenyewe, zaidi ya miaka kumi kabla ya moto wetu." Kumbe ndivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wasomali wa Wajir zilipigana vikali, na soko la mji likagawanyika kama letu, wanawake wa ukoo huu wasiuziane na wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa huko mwaka 1964, amesimulia kwamba usiku mmoja risasi zililia karibu na nyumba yake, akamchukua mtoto wake akajificha naye chini ya kitanda. Asubuhi mama yake alimkumbusha kwamba yeye naye alimficha Dekha vivyo hivyo alipokuwa mdogo, katika vita vya miaka ya 1960. Dekha akaona kwamba, wasipofanya neno, mtoto wake naye atamficha mjukuu.

Yeye na wanawake wachache wakaanzia sokoni. Walikwenda kwa wanawake wenzao wa kila ukoo, wakapatana kwamba sokoni atauza na kununua kila mtu, wakaweka watu wa kutazama kila siku. Soko lilipotulia wakawaendea wazee, kisha vijana. Hawakuyatwaa mamlaka ya wazee, bali waliwakutanisha, na kiti cha mkutano akakalia mzee wa ukoo mdogo usio na sehemu katika ugomvi. Mwaka 1993 wazee walitia sahihi mapatano yaitwayo ya Al Fatah. Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi yake. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari, mwaka ule ule ambao wanawake wa Liberia walipewa tuzo yao. Na sisi, walimu wa nchi yake, tulikuwa hatujapata kulitaja jina lake katika darasa lo lote. Miti na mito ya nchi za mbali twawafundisha watoto. Soko la Wajir hatukulijua.

Basi tukaona haya, na haya ikatufanya tuanze. Kwanza tulirudisha birika moja. Pengine msomaji atacheka, lakini ilituchukua majuma mawili kulikubali jambo hilo, na siku ya kwanza tulikunywa chai ile bila mtu kusema neno. Kisha mmoja akasema ina sukari nyingi mno, tukacheka sote.

Tukaenda sokoni kuwauliza akina mama. Tulimkuta bibi mmoja mzee mwuza maziwa, ambaye wajukuu wake tumewafundisha. Tulimwamkia, tukamweleza habari za Liberia na za Wajir, tukamwuliza kwa nini wao hawajaanza. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Walimu wangu, mimi nilikuwa nikiwangoja ninyi mliosoma. Lakini kila Jumanne niliwaona nanyi mwanunua kwa watu wenu." Hatukuwa na jibu, kama vile mwenzetu hakuwa na jibu siku ile ya methali.

Katika muhula wa pili wa mwaka 2012 tulipatana hivi. Kila Jumanne, saa kumi, tukisha kufunga madarasa, walimu wanane wa makabila yote mawili tutakwenda sokoni pamoja. Tutanunua maziwa upande huu, tuvuke barabara, tununue viazi ng'ambo, turudi na vikapu vyetu kwa njia ile ile katikati ya watu wote. Hatutahubiri wala kubishana. Siku ya kwanza watu walituangalia kama watu waendao matangani. Siku ya pili kijana mmoja alituita wasaliti, na mwingine akampiga mwenzetu kwa kiazi kibovu. Mwenzetu alifuta koti lake akaendelea kutembea. Tulitetemeka, hatutasema uongo. Tulifikiri habari za wale waliokaa mbele ya askari wenye bunduki, nasi tulikuwa tukiogopa kiazi.

Tuliendelea miezi mitano. Watoto wa shule wakaanza kutufuata, kwanza kwa mchezo, na mama zao wakawafuata wao. Hata Jumanne moja ya mwezi wa Novemba ilinyesha mvua kubwa yenye upepo, na wenye maziwa wakakimbilia paa la mabati lililo mbele ya kanisa, kwa wenye viazi, maana upande wao hapana pa kujikinga. Mvua ilipokwisha hawakurudi. Yule bibi mzee aliweka madumu yake kati ya magunia ya viazi, akaketi. Juma lililofuata alikuja moja kwa moja mpaka hapo. Hatusemi kwamba ni sisi tuliolirudisha soko. Labda ni mvua. Lakini tumefikiri kwamba, kama isingalikuwa zile Jumanne, pengine wangaliona ni heri kulowana.

Uchaguzi wa mwaka 2013 ulifika, ukapita, na soko letu halikugawanyika. Moja tu halikurudi. Tulimwandikia yule mwalimu wa hesabu barua, tukatia sahihi sote, tukamwambia kwamba tulisikia gari usiku ule na hatukutoka, nasi twaomba radhi. Alijibu baada ya miezi miwili kwa maneno machache. Alitusalimu, akasema atamtuma mtu aje achukue vitabu vyake. Vitabu tukavifunga vizuri, vikachukuliwa. Kiti chake kingali katika chumba cha walimu, wala hakuna akikaliaye.

Ndugu walimu, twajua kwamba wengi wenu mko mahali penye utulivu, na habari hizi zaweza kuonekana za watu wengine. Sisi nasi tulifikiri hivyo mpaka siku ile ya Desemba. Tumejifunza kwamba watu wasio na silaha hawakosi la kufanya, bali hukosa kulianza mapema. Wanawake wa Monrovia hawakuwa na nguvu za kumzuia tembo. Walikaa mahali apitapo kila siku, wakavaa namna moja asiweze kuwachagua, wakaomba neno moja asiweze kuligeuza. Wale wa Wajir walianza na kitu kilichokuwa mikononi mwao, soko. Sisi tulikuwa na birika.

Kwa hiyo, mkiifundisha methali ile, msiishie kwenye maana yake. Mwulizeni mtoto swali la pili, alilotuuliza yule msichana, mkampe nafasi alijibu. Naye mwenyewe, kama gazeti hili litamfikia huko aliko, twamwomba atusamehe kwa kumketisha. Swali lake lilikuwa sahihi, na kesho tuliyomwahidi imechelewa sana kufika.